Safari ya Theluji katika Nchi ya Wasami



Sisi tuliozaliwa Bukavu twajua maana ya kufunga safari. Mtu atakaye kwenda Uvira wakati wa mvua hapati usingizi kabla ya kuuliza: Je, mteremko wa Ngomo wapitika? Malori hayajanasa? Mvua imenyesha Nyangezi? Dereva mwenye akili haondoi gari lake mpaka amemwuliza mwenziwe aliyepanda kutoka Kamanyola. Leo nataka kuwasimulia safari nyingine, iliyo mbali sana na mto Ruzizi, lakini yenye kutaka akili ile ile. Ni safari ya gari katika nchi ya Wasami, kaskazini kabisa ya Ulaya, majira ya baridi yakielekea mwisho.

Mimi na mke wangu tulitoka Bukavu mwaka 2004, mji ulipoingiwa na vita. Tulikaa Uganda miaka mingi, kisha tukapokelewa katika nchi ya Norwe pamoja na wakimbizi wengine wa Kongo. Nchi hiyo si ngeni kabisa masikioni mwenu. Huko Oslo, mji wake mkuu, Daktari Denis Mukwege wa Panzi alipokea Tuzo ya Nobeli ya Amani tarehe 10 Desemba 2018. Lakini sisi hatukai Oslo. Twakaa Alta, mji mdogo kando ya ghuba ya bahari, karibu digrii 70 kaskazini ya Ikweta. Watoto wetu watatu wamekulia huko.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mwenzangu wa kazini alinialika harusi ya mwanawe. Yeye ni Msami wa pwani. Mwanawe alikuwa anamwoa binti wa Kautokeino, ndani ya nchi, mahali pa wafugaji. Siku iliyowekwa ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Machi, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Kwetu Bushi mtu aliyealikwa harusi haulizi kama kuna baridi. Kutokwenda ni kumvunjia mwenzako heshima. Hata hivyo niliogopa. Kutoka Alta hadi Kautokeino ni kilometa 130 hivi, na karibu njia yote ni nyika tupu ya theluji. Nami nilikuwa na watoto.

Wasami ni watu gani?

Kabla ya kuingia katika nchi ya watu yafaa kuwajua wenyewe. Wasami walikuwako kaskazini ya Ulaya tangu zamani, kabla ya mipaka ya nchi za leo kuchorwa. Leo wametawanyika katika nchi nne: Norwe, Uswidi, Ufini na Urusi. Hesabu yao haijulikani barabara. Wengi hukadiria watu 80,000 hivi. Vitabu vya zamani viliwaita Walapp, lakini jina hilo hawalipendi, kama vile ndugu zetu Batwa wasivyopenda kuitwa mbilikimo. Mgeni mwenye adabu huwaita watu kwa jina wanalojiita wenyewe.

Wengi wao ni wavuvi, walimu, mafundi na wauguzi kama watu wengine. Wachache hufuga kulungu wa kaskazini, mnyama mwenye pembe za matawi na manyoya mazito. Wakati wa baridi mnyama huyu hukaa ndani ya nchi, juu ya uwanda, naye huchimba theluji kwa kwato zake apate mimea midogo myeupe iliyofunikwa chini. Siku zikianza kupata joto, kundi huhamia pwani kula majani mabichi. Kwa hiyo mwezi wa Machi na mwanzo wa Aprili ndio wakati wa karamu. Wafugaji wangali karibu na nyumba zao za baridi. Wakishaondoka na makundi, hawana tena nafasi. Hii ndiyo sababu harusi na sherehe nyingi za Kautokeino hufanywa karibu na Pasaka, pamoja na mashindano ya kukimbiza kulungu wanaovuta wapanda skii.

Kuchagua majira

Basi tuliketi mezani, mimi na mke wangu, tukapanga. Jambo la kwanza ni majira, na hapo harusi ilikuwa imetuchagulia vema. Katika Desemba nchi hiyo haioni jua hata kidogo. Saa sita mchana huwa kama magharibi. Mwezi wa Mei theluji huyeyuka, mito hufurika, na nyika huwa matope matupu. Lakini mwishoni mwa Machi mchana na usiku hukaribia kulingana, na kila siku mwanga huongezeka kwa dakika nyingi. Theluji imekwisha kushikamana, mito ingali imeganda, na jua likitoka juu ya weupe ule huumiza macho. Kwa hiyo miwani ya jua huhitajiwa kuliko mwezi wa Julai.

Hata hivyo msidhani baridi imekwisha. Alta iko karibu na bahari, na mkondo wa maji yenye uvuguvugu huifanya ghuba yake isigande. Lakini ukipanda uwandani, usiku wa Machi huweza kufika digrii 20 au hata 30 chini ya sifuri. Huko Karasjok, tarehe 1 Januari 1886, zilipimwa digrii 51.4 chini ya sifuri, nayo ndiyo baridi kali kuliko zote zilizopata kuandikwa katika Norwe. Mama yangu, akaaye Kadutu, hujifunika kitenge cha pili kipupwe kinapotoka ziwani. Nilipompa habari hizo kwa simu, alinyamaza kwanza, kisha akasema, “Na watoto mnawapeleka huko?”

Kutayarisha gari

Gari la baridi hutayarishwa kama mtu wa baridi. Magurudumu yake huvikwa matairi yenye misumari midogo ya chuma ishikayo barafu. Sheria huyaruhusu kaskazini ya Norwe tangu tarehe 16 Oktoba hadi 30 Aprili. Injini ina waya wake wa umeme: usiku waichomeka ukutani ipate joto, la sivyo asubuhi haiamki. Betri iliyochoka hubadilishwa kabla ya safari. Tangi hujazwa kabla ya kuondoka, kwa maana vituo vya mafuta ni vichache, na gari lililosimama njiani bila mafuta halina moto wa kuwapasha watu.

Ndani ya gari tuliweka beleshi, kamba ya kuvutia, tochi, mablanketi ya sufu, mishumaa na kiberiti, chupa mbili za chai ya moto, mikate, na koti lenye kung'aa kwa kila mtu. Mke wangu aliongeza soksi na glavu za akiba kwa wote watano. Mwanangu wa pili alicheka akasema twahamia mwezini. Mama yake akamjibu, “Aliyelala Ngomo usiku kucha na kipande cha muhogo hacheki.” Alikuwa anasema kweli. Sisi wawili tulipata kulala pale, mwaka mmoja wa mvua, nyuma ya lori lililonasa.

Kupanga njia

Njia yetu ilikuwa ya mzunguko: Alta hadi Kautokeino; Kautokeino hadi Karasjok, kilometa 130 nyingine; kutoka hapo kushuka Lakselv, kilometa 75 hivi; halafu kurudi Alta kwa kuvuka uwanda wa Sennalandet. Jumla ni karibu kilometa 500. Kwa ramani ni kidogo. Mimi nilitaka kuyamaliza yote siku tatu, tangu Ijumaa hadi Jumapili, ili Jumatatu niwe kazini.

Mke wangu alikataa. Alitaka siku mbili zaidi: Jumatatu ya kurudi, na Jumanne ya akiba. Tulibishana. Nilimwambia kwamba siku ya akiba ni mshahara uliopotea. Yeye akasema, “Mpigie mwenye harusi umwulize.” Nikapiga. Yule mwenzangu hakusita. Alisema, “Huku hatusemi tutafika siku fulani. Twasema tutafika njia ikitaka.” Kisha akanifundisha mambo ambayo ramani haiyasemi. Asubuhi piga simu namba 175, upate habari za barabara. Ukiona taa na kizuizi, simama. Huenda njia imefungwa, au huenda magari yanaongozwa kwa msafara, nyuma ya lori lenye chuma kipana mbele kisukumacho theluji. Usilipite lori hilo, wala usiache nafasi kubwa. Fuata fito ndefu zilizosimikwa pande zote mbili za barabara, kwa kuwa upepo ukivuma hutaona kitu kingine. Ukikwama, usitoke garini kutafuta msaada kwa miguu.

Kuuliza si ujinga. Niliomba siku zile mbili kazini, nikapewa.

Máze, kijiji kilichookoka

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, mbingu ikiwa safi. Barabara ilipanda bondeni kati ya miti ya msonobari, ikatokea juu, na miti ikawa mifupi mifupi, kisha ikatoweka. Watoto walinyamaza. Mbele na nyuma ilikuwa nyeupe tupu mpaka upeo wa macho. Hapa na pale tuliona nyumba ya wasafiri, kumbukumbu ya siku ambazo watu walivuka nyika hii kwa sileji.

Mara tukaona kulungu wapatao thelathini katikati ya barabara. Nikasimamisha gari. Wanyama hao hupenda barabara iliyofagiliwa, kwa maana haiwachoshi miguu. Dereva hana haki ya kuwafukuza. Hungoja, na mmoja akivuka hujua kwamba wengine watamfuata. Akimgonga mmoja, sheria yamtaka apeleke habari, kwani kila mnyama ana mwenyewe, na alama ya mwenyewe imekatwa sikioni.

Zaidi ya nusu ya njia tulifika Máze, kijiji kidogo kando ya mto. Hapo mwenzangu alikuwa ametuambia tusimame tukitazame. Karibu na mwaka 1970 wakuu wa serikali walipanga kuziba mto huo ili wapate umeme, na kwa mpango wa kwanza kijiji chote kingalizama. Wenyeji wakakataa. Mpango ukapunguzwa, Máze kikaachwa, lakini bwawa halikuachwa. Mwaka 1979 vijana wa Kisami walifunga kula mbele ya jengo la bunge huko Oslo. Mwaka 1981 askari mamia walipelekwa kuwaondoa watu waliokaa mbele ya mitambo. Mwisho bwawa lilijengwa, likakamilika mwaka 1987. Hata hivyo nchi nzima ilikuwa imesikia. Mwaka 1989 Mfalme Olav wa Tano alifungua Bunge la Wasami huko Karasjok, na mwaka 1997 Mfalme Harald, mwanawe, alisimama mbele ya bunge hilo akaomba radhi kwa dhuluma waliyotendewa Wasami.

Nilipokuwa nikitazama moshi wa nyumba za Máze, niliwakumbuka Batwa wa Kahuzi-Biega. Mbuga ile ilitangazwa mwaka 1970, nao wakaondolewa msituni katika miaka iliyofuata, bila fidia. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, uliosema kwamba walidhulumiwa na kwamba yapasa warudishiwe ardhi yao. Sisi majirani zao tulipita Miti na Kavumu mara ngapi, tukawaona kando ya barabara, tusiwaulize wametoka wapi? Nimesafiri mpaka ncha ya Ulaya ndipo nikajiuliza swali hilo.

Harusini

Jina la Kautokeino kwa Kisami ni Guovdageaidnu, ndiyo kusema katikati ya njia. Tulifika kabla ya saa nane. Jumamosi walikuja wageni mamia, wamevaa mavazi yao ya buluu na nyekundu, yenye utepe mabegani na vifungo vya fedha vifuani. Kwa vazi lake mtu hujulikana ametoka wapi. Mke wangu alivaa kitenge juu ya nguo nne za sufu, na akina mama wa Kisami wakamzunguka kukishika na kukisifu. Tulipewa mchuzi wa nyama ya kulungu wenye viazi na karoti, uitwao bidos. Tulijifunza kusema “bures”, ndiyo salamu, na “giitu”, ndiyo asante.

Mwanangu wa pili alimwuliza baba wa bibi arusi ana kulungu wangapi. Mezani pakawa kimya. Huko swali hilo ni kama kumwuliza mtu ana fedha kiasi gani benki. Nami nikaona haya, kwa kuwa hata kwetu Bushi mtu haulizi hesabu ya ng'ombe wa mwenziwe. Lakini yule mzee alicheka akajibu, “Wako upande huu wa mti, na upande ule wa mti.” Kisha akamweleza kijana jambo lenye maana kuliko hesabu. Akasema shida yao kubwa leo ni mvua inyeshayo katikati ya baridi. Maji huganda juu ya malisho yakawa kama kioo, nao huita barafu hiyo čuohki. Kulungu huinusa chakula chake chini, lakini hawezi kukifikia. Mababu waliona hayo mara chache. Yeye ameyaona mara nyingi.

Jioni nilikaa karibu na mama yake mwenzangu, nyanya wa bwana arusi. Alituhadithia, mjukuu wake akitutafsiria pale aliposema Kisami. Alizaliwa pwani. Alipofika umri wa miaka saba alipelekwa shule ya bweni, wala hakujua neno la Kinorwe; na mwalimu alisema Kinorwe tu. Huo ulikuwa mpango wa serikali tangu katikati ya karne ya 19. Hata ardhi, kwa sheria ya mwaka 1902, iliuzwa kwa wale tu waliojua kusema, kusoma na kuandika Kinorwe. “Usiku nililia kwa Kisami,” alisema, “maana sikujua kulia kwa lugha nyingine.” Alipopata watoto aliapa kwamba hawatateswa kama yeye, basi hakuwasemesha Kisami kamwe. Mwenzangu wa kazini alikua bila lugha ya mamaye. Ni mjukuu, huyu bwana arusi, aliyeitafuta shuleni na kwa watu wa Kautokeino. Siku ile alimwapia mkewe kwa Kisami kanisani. Nyanya alielewa kila neno. Baba aliyeketi kati yao hakuelewa.

Binti yangu mkubwa alikuwa amekaa kimya akisikiliza. Ana miaka kumi na sita. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kinorwe, na Mashi haijui kabisa. Mara nyingi nimemgombeza kwa ajili hiyo.

Kizuizi

Jumapili tulifika Karasjok, tukaliona Bunge la Wasami na kanisa dogo la mbao lililojengwa mwaka 1807. Lilibaki peke yake, kwani mwaka 1944 majeshi ya Wajerumani yakirudi nyuma yalichoma karibu kila nyumba katika jimbo hilo. Jumatatu tuliondoka kwenda nyumbani. Tulipokaribia Sennalandet upepo ulianza, na mara tukaona taa ikimetameta na kizuizi kimeshushwa. Njia imefungwa.

Kwetu bariyeri yajulikana: ni mahali pa kutoa fedha. Kijana wangu akasema, “Baba, gari letu lina nguvu, na magari mawili yamepita sasa hivi kabla ya kufungwa.” Nami moyoni nilikuwa nafikiri vivyo hivyo. Lakini nilitazama mbele nisizione zile fito za kando ya barabara. Tukageuza gari, tukatafuta nyumba ya wageni, tukalala. Siku ya akiba haikuwa mshahara uliopotea. Nilimwambia mke wangu hivyo, naye hakujibu. Alinimiminia chai tu.

Usiku huo binti yangu alisimama dirishani akitazama theluji ikipigwa na upepo. Akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, “Baba, kwa Mashi theluji inaitwaje?” Nikasema kwetu hakuna theluji, kuna mvua ya mawe. “Basi mvua ya mawe inaitwaje?” Nikafungua kinywa, na neno halikuja. Nilikuwa nimelisahau. Miaka yote nimewagombeza watoto kwa kupoteza kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakiacha kianguke njiani.

Tukampigia mama simu Kadutu. Alicheka kwanza, kisha akalitamka neno mara tatu, na mjukuu wake akalirudia mara tatu, akalisahihishwa. Walizungumza nusu saa. Tangu siku hiyo binti humpigia bibi yake kila Jumapili, na kila mara huomba maneno matano.

Jumanne saa nne asubuhi kizuizi kiliinuliwa. Tulivuka kwa msafara, magari kumi na mawili nyuma ya lori moja, tukafika nyumbani salama.

Basi, ndugu msomaji, uendapo safari, iwe Uvira au ncha ya dunia, waulize wenyeji kwanza, chukua blanketi, na weka siku moja ya akiba. Wala usingoje theluji ikufundishe. Jioni ya leo, wasemeshe watoto wako kwa lugha ya mama yako, ungali unayakumbuka maneno.